Mama Mdogo wa Mwanangu

Wasomaji wangu, niliwaacha pale simu ilipoita nikiwa nimeinamia mashine ya kopi. Sauti ya mwanamke mpole ikaniambia nimekubaliwa kwenda ng'ambo kufundisha Kiingereza kwa mwaka mmoja. Halafu akauliza swali la mwisho, kama mtu anayerudishia mlango taratibu asiamshe waliolala.

"Una mtoto, mwanangu?"

Nikasema sina.

Wengi mlinilaumu. Msomaji mmoja aliandika kwamba mwanamke anayemkana mwanawe kwenye simu atamkana hata mbele ya macho yake. Namshukuru. Sijui alijuaje.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: nina binti mmoja. Tunamwita Kifaranga, maana tangu ajue kutembea hakubali kuachwa nyuma. Ukienda jikoni yuko. Ukienda chooni anakungoja mlangoni na kukuimbia. Akishikwa na usingizi hupanda mapajani, akalitafuta sikio langu la kushoto na kulichezea pale chini penye herini mpaka macho yafumbe. Ameacha kunyonya, lakini sikio hajaliacha.

Baba yake aliaga anakwenda kunyoa nywele, mimba ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Mpaka leo sijui ni kinyozi gani huyo anayenyoa kichwa kimoja miaka yote hii.

Aliyenishika mkono ni dada yangu, fundi cherehani. Mama yetu alipofariki, dada ndiye aliyenilea. Alinishonea sare, alinipigania, alinichapa nilipostahili na siku nyingine kama akiba. Baadaye akaolewa, akakaa, hakujaliwa mtoto, akarudishwa na cherehani yake juu ya mkokoteni. Sikuwahi kumsikia akimsema vibaya yule bwana. Alisema neno moja tu, siku aliyorudi: "Nyumba isiyo na mtoto ina mwangwi, mdogo wangu. Unakohoa, unajijibu mwenyewe."

Tukapanga vyumba viwili, yeye, mimi na mimba yangu.

Mchana nilitoa kopi, jioni nilisoma. Darasa letu la jioni lilikuwa katika shule ya watoto, tukikalia madawati yao, magoti yamefika kidevuni, wanaume wenye ndevu wakisoma kwa sauti kuhusu paka aliyekaa juu ya mkeka. Humo ndimo nilimopata Kiingereza changu. Na humo ndimo nilimopata ndoto: niende mwaka mmoja, nijifunze kufundisha kama wanavyofundisha wao, nirudi nifungue darasa langu mwenyewe. Kifaranga awe mwanafunzi wa kwanza, dawati la mbele.

Habari ya kazi ile aliileta dada. Alisema mteja wake mmoja ndiye aliyemdokeza, alipokuja kupunguza sketi.

Kumbuka hiyo sketi.

*

Nilipomweleza dada kwamba nimesema sina mtoto, nilitegemea anikaripie. Hakunikaripia. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Sasa watakuja kuona nyumbani."

"Kwani huwa wanakuja?"

"Mtu akuchukue akupeleke kwenye watoto wa watu bila kujua unalala wapi? Lazima waje. Na wakimkuta huyu anakuita mama, safari imekufa."

Tukamtazama Kifaranga. Alikuwa chini ya meza ya cherehani, anaokota vipande vya nguo na kuvipanga kama mtu mwenye duka.

"Mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako," dada akasema. "Si ndivyo tulivyolelewa? Mimi ni mama yake mkubwa. Tukiliondoa hilo neno 'mkubwa' kwa muda, nani ameibiwa? Na wewe utakuwa mama mdogo. Tumfundishe kama mchezo."

Lilikuwa jambo la akili. Hata sasa nikilipima naona lilikuwa la akili.

Kesho yake mchezo ukaanza. Dada alijielekezea kidole.

"Mimi nani?"

"Mama mkubwa!"

"Aa-aa. Leo mimi ni mama. Na yule pale?"

"Mama!"

"Yule ni mama mdogo. Mimi nani?"

Kifaranga akatutazama kwa zamu, kama mtu aliyeletewa hesabu asiyoiagiza. Kisha akacheka. "Wewe mama! Yeye mama mdogo!"

"Hongera!" Dada akatoa pipi ya tangawizi yenye karatasi ya dhahabu, akaimenya na kumtia mdomoni.

Kila akipatia, pipi. Nilizoea kufagia karatasi za dhahabu chini ya cherehani. Nikafikiri dada ananunua dukani, nikamwambia asimwozeshe mtoto meno. Akasema meno ya utoto yana mengine nyuma yake.

Jioni moja nilirudi nimechoka, wino wa mashine umenitia weusi mpaka kwenye viwiko. Kifaranga aliniona kutoka mlangoni. Hakunikimbilia. Aligeuka akakimbilia ndani huku akipiga kelele, "Mama! Mama! Mama mdogo amekuja!"

Hakukuwa na mgeni. Hakuna aliyemuuliza.

Nilicheka. Dada akacheka pia, akaendelea kucheka mimi nikiwa nimekwisha kunyamaza.

*

Mwenye ile sauti ya upole alikuja Jumamosi alasiri, bila kuarifu kwamba anakuja. Sisi waombaji wa kazi tulimwita Madamu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, ofisini kwake: mama mfupi, viatu bapa, mkoba mkubwa wa kahawia wenye mfuko wa pembeni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" nikaitikia. Dada alikuwa kwenye cherehani. Hakuinuka haraka, hakujifuta mikono. Alisema tu, "Karibu mama, karibu kiti," na Madamu akaitikia, "Ahsante, mama," wakapeana mikono kama watu waliokutana kwenye foleni.

"Usihangaike, mwanangu," Madamu akaniambia. "Nimekuja kuona anakotoka mwalimu wetu. Ni utaratibu tu."

Kifaranga akatokea chumbani. Asubuhi ile dada alikuwa amemvalisha gauni jipya la maua ya njano. Nilipomgeukia dada ndipo nilipoona kwamba naye amevaa maua yale yale. Kitambaa kimoja, mshono mmoja, mama na mwana.

Mtoto hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkoba wa Madamu na kuzamisha mkono katika mfuko wa pembeni, bila kuchungulia, kama mtu anayeingia kwao gizani. Mkono ukatoka na pipi. Karatasi ya dhahabu.

"Eh, wewe!" dada akasema. "Adabu iko wapi?"

Madamu akacheka. "Mwache. Watoto wana pua za paka."

Nikajiambia: pipi ni pipi, zinauzwa kila duka. Mtu anayetaka kuamini hakosi sababu.

Hapo ndipo jirani yetu alipojipenyeza mlangoni. Huyu tunamwita Mama Redio, na redio yenyewe haihitaji betri.

"Mwalimu, nimeona viatu vya mgeni nikasema nisipitwe. Mama, karibu kwetu. Unamwona huyu mtoto?" Akamshika Kifaranga kidevu, akamgeuza kwangu, akamgeuza kwa Madamu. "Hebu tazama! Pua ile ile, paji lile lile. Ukifanya kazi kwenye kopi, hata nyumbani unajitolea kopi!"

Nikamvuta Kifaranga kwangu, kisha nikamwachia.

"Wewe nawe," dada akasema bila kuinua uso. "Hujasikia mtoto anafanana na mama yake mdogo?"

"Nimesikia mengi, sijasikia..." Mama Redio akaniangalia. Sijui aliona nini usoni kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alijizima mwenyewe. "Chumvi," akasema. "Nilikuja kuomba chumvi." Akatoka bila hiyo chumvi.

Madamu alikuwa ametoa simu.

"Tupige video ndogo, mwanangu. Shule inapenda wazazi wa kule wamwone mwalimu akiwa kwao. Jitambulishe."

Nikajitambulisha. Nikaeleza masomo yangu ya jioni. Nikamwonyesha kadi nilizokata kwenye maboksi na kuzichora mwenyewe kwa ajili ya kufundishia: kikombe, mpira, nyumba, mvua. Sauti yangu ilianza kutulia. Nikaanza hata kufurahi, maana nikishika zile kadi najiona nimesimama mbele ya darasa.

"Vizuri sana. Na huyu mrembo ni nani?"

Dada akaanza kukanyaga cherehani. Kwa nguvu.

"Ni mtoto wa dada yangu," nikasema.

"Sema tena, mwanangu. Kuna kelele."

Cherehani ikanyamaza. Na katika ule unyamavu Kifaranga akaja. Ilikuwa saa yake ya usingizi, na usingizi haujui mchezo. Akapanda mapajani kwangu, akajikunja, mkono wake wenye kunata pipi ukapanda shavuni kwangu, ukalitafuta sikio, ukalipata.

Madamu alikuwa anatazama. Si kwenye kioo cha simu. Alikuwa anatazama mkono ule.

Niliutoa. Kidole kimoja kimoja.

"Nenda kwa mama," nikamwambia mwanangu.

Alinitazama. Alikuwa anajua mchezo, lakini macho yake yaliniuliza kama huu bado ni mchezo. Kisha akashuka, akaenda kwa dada, akakaa pale juu ya maua ya njano yanayofanana na ya kwake, na kuendelea kunitazama akiwa kule.

"Sema jina lako kamili," Madamu akasema polepole. "Useme na mtoto ni wa nani. Na kwamba wewe hujazaa. Wazi, mwanangu, wasikie vizuri."

Nikasema. Jina langu kamili, la baba na la babu. Nikasema mtoto huyu ni wa dada yangu. Nikasema mimi sijawahi kuzaa.

Madamu akashusha simu. "Umefanya vizuri," akasema.

Hakusema nimesema vizuri. Alisema nimefanya.

Alipoondoka nilikwenda kumsaidia dada kukunja kazi zake. Ndipo nilipoona kwamba chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Wakati wote ule alikuwa akishona hewa.

*

Asubuhi ya safari niliingia chumbani kwa dada kumuaga mwanangu. Jua lilikuwa limeshapenya pazia. Tangu ile Jumamosi Kifaranga alikuwa akilala huko. Dada alisema azoee mapema, asije akasumbua nikiondoka. Nikakubali. Nilikuwa nakubali kila kitu siku zile, kama mtu anayeteremka mlima na mzigo kichwani: miguu inakwenda yenyewe.

Mtoto alikuwa usingizini. Mkono wake ulikuwa kwenye sikio la dada.

Dada alikuwa macho. Amelala chali, anaangalia dari, hatikisiki hata kidogo, kama mtu aliyetuliwa na ndege na anaogopa kuvuta pumzi.

"Usimwamshe," akanong'ona.

"Nimuage tu."

"Ukimuaga atajua umeondoka. Usipomuaga atafikiri uko kwenye kopi. Lipi bora?"

Nikapiga magoti, nikaubusu unyayo wake. Ulikuwa wa moto na ulinukia sabuni.

"Mwaka ukiisha nitamfundisha tena kuniita mama," nikasema, nikijaribu kutabasamu. "Tutaurudisha mchezo nyuma."

"Mtoto si sketi, mdogo wangu," akasema. "Ukishapunguza, hutoi tena pindo ukarudisha urefu."

"Una maana gani, dada?"

"Nenda, gari lisikuache. Mimi siwezi kuinuka, ataamka."

Huyu ni mtu aliyekuwa akinisindikiza mpaka kwenye lango la shule, mvua inanyesha, yeye kalowa mimi nimekauka. Siku ninayotoka nchini aliniaga akiwa amelala.

Mama Redio ndiye aliyenibebea begi mpaka barabarani, teksi ilikokuwa inangoja. Njia nzima hakusema neno, na hilo peke yake lilitosha kuniogopesha. Tulipofika akaliweka begi chini.

"Mwalimu, mimi mdomo wangu mnausema, na mnausema kweli. Lakini leo nisiposema nitapasuka."

"Sema basi."

"Yule mama wa mkoba. Siku ile mbona mlimkaribisha kama mgeni?"

"Si ni mgeni."

"Mgeni wa wapi? Wewe ukiwa kwenye kopi yeye huwa yuko hapo barazani na dada yako, vikombe vya chai miguuni, mtoto katikati yao. Anamrusha juu, anamdaka. Mimi nilijua unajua."

Dereva akapiga honi.

"Labda ni mteja," nikasema. "Dada alisema kuna mteja... wa sketi."

"Labda," Mama Redio akasema. Akanivuta, akanikumbatia kwa nguvu mpaka mifupa ikalia. "Kifaranga wako mimi nitamwekea jicho. Namba yangu unayo. Piga hata kwa kubipu."

Ndani ya teksi nilizitoa kadi zangu za maboksi nikazipanga mapajani: kikombe, mpira, nyumba, mvua. Nilikuwa najizoeza somo la kwanza, nikitabasamu kama nina watoto mbele yangu. Dereva akanitazama kwenye kioo, akapunguza sauti ya muziki kwa heshima, kama anavyofanya mtu akipita penye msiba.

*

Madamu alikuwa amenitangulia uwanja wa ndege. Alinichagulia foleni, akanishikia begi nifunge kamba za kiatu, akanifuta vumbi begani. Mtu angedhani ni mama yangu.

Foleni ilielekea kwenye mlango wa vioo ambao hupitwa na wasafiri peke yao. Tulisogea hatua kwa hatua. Nilikuwa nimeapa nisiulize. Nikauliza.

"Madamu, unamfahamu dada yangu?"

"Ananishonea," akasema, bila hata kushtuka. "Ana mkono mzuri sana."

"Siku ile mlisalimiana kama hamjuani."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alitabasamu ule upole wake. "Mwanangu, kazi hii ina utaratibu wake. Nimepeleka walimu wengi. Walioniharibia jina ni wenye watoto. Anafika, analia. Anaingia darasani, anamwona mtoto wa mwenzake, analia. Mwisho anaacha darasa katikati anarudi nyumbani, shule inanigeukia mimi. Nikasema basi, sipeleki tena mwenye mtoto. Lakini nikaona jambo la ajabu: walimu wazuri wote wana watoto."

Foleni ikasogea. Akalisogeza begi langu kwa mguu.

"Kwa hiyo siku hizi nauliza. Anayesema anaye, namtakia heri. Anayesema hana, naenda kwake. Nakaa. Namtazama kama anaweza kuyasema yale maneno mtoto akiwa mapajani. Anayeweza hilo," akanipapasa shavu, "huyo hatarudi njiani."

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla sijakupigia simu. Dada yako aliniambia siku ile ile aliyokuombea kazi. Usimchukie. Alikusifu sana. Alisema una akili kuliko wote kwenu."

"Naomba uifute ile video."

"Ipi?"

"Niliyosema sina mtoto. Shule ikishaiona, ifute. Mwanangu asije akakua akaiona."

Kwa mara ya kwanza Madamu akaonekana kushangaa kweli. "Shule? Shule inaitakia nini? Hawajui hata neno moja la lugha yetu."

"Sasa ilikuwa ya nani?"

"Ni dada yako aliyeiomba. Alitaka nikuulize waziwazi, jina lako kamili lisikike, na uso uonekane." Akaangalia saa yake. "Nilimtumia jioni ile ile. Nilidhani mmekubaliana."

Msafiri aliyekuwa nyuma yangu akanigusa. "Dada, mbele kuna nafasi."

Nikasogea.

"Sasa ingia," Madamu akasema. "Mimi nasimama pale nikuone ukipita mlango. Ni utaratibu wangu. Kisha nampigia dada yako nimwambie umefika salama ndani." Akatoka kwenye foleni, akaenda kusimama kando ya nguzo, mkoba kifuani.

Nikampigia dada simu. Iliita. Iliita. Ikapokelewa, na nikasikia pumzi ndogo, ya mdomo ulio wazi.

"Kifaranga?"

"Mama mdogo!" Alikuwa na furaha kama siku ya nguo mpya. "Mama mdogo, na sisi tunasafiri!"

"Mnasafiri? Na nani?"

"Na mama. Cherehani imepanda gari! Imelala, imefungwa kamba. Na kitanda. Mama Redio analia, mama amemwambia nyamaza."

"Mnakwenda wapi, mwanangu? Mwulize, mnakwenda wapi?"

Simu ikapokonywa. Nikasikia kelele za watu wanaobeba kitu kizito. Kisha dada. Sauti ile ile iliyonifundisha kuhesabu.

"Umepanda?"

"Dada, mnakwenda wapi?"

"Nimekuuliza. Umepanda?"

Mwenzangu, uongo nimeusema mara nyingi katika hadithi hii, na kila mara ulinitoa kitu. Huu ndio uongo wa kwanza niliousema ili nisitolewe kitu.

"Nimepanda," nikasema. "Nimeshafunga mkanda. Wanatuambia tuzime simu."

Akashusha pumzi ndefu, ndefu sana, kama mtu aliyekuwa ameishikilia tangu siku aliyorudi na mkokoteni.

"Safari njema, mdogo wangu. Usiniwazie vibaya. Wewe utazaa tena."

Alisahau kukata. Nikasikia nguo zikikwaruza kipaza sauti, nikasikia mlango wa gari. Nikamsikia mwanangu akiuliza kwa sauti ya kusinzia, "Mama mdogo anakuja?" Na dada akimjibu, laini, laini kama anavyoongea na hariri asiiharibu:

"Mama mdogo kaenda mbali. Sasa mchezo umekwisha, mwanangu."

Injini ikawaka. Simu ikafa.

Mkono wangu ulikuwa kwenye sikio langu la kushoto. Sijui uliwekwa saa ngapi.

"Dada!" Askari wa mlangoni alikuwa amenyoosha mkono apokee tiketi. "Unaingia au unatoka? Watu wanangoja."

Niligeuza shingo. Pale kwenye nguzo Madamu alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika simu tayari kupiga, mwingine unamenya pipi. Karatasi ya dhahabu ilimeta. Alikuwa ananitazama vile vile alivyonitazama Jumamosi ile, akingoja kuona kama nitaweza.

Nikitoka kwenye foleni, atapiga, na lile gari litatimua mbio mahali nisipopajua. Nikipanda ndege, litakwenda taratibu, lakini litakwenda.

Nikampa askari tiketi yangu. Nikainua mkono, nikampungia Madamu, nikamtabasamia lile tabasamu nililojizoezea kwa ajili ya watoto wa watu.

Kisha nikaingia, vioo vikajifunga nyuma yangu, nikaanza kutafuta mlango mwingine wa kutokea.